Samaki wa Duka la Guan Thye

21 Septemba 1987

Daftari hili nimepewa na Mama Gaik Suan, mwenye duka la Guan Thye, Barabara ya Soko, hapa Taiping. Sharti ni la mwanawe, Kean Wah, anayefanya kazi Kuala Lumpur. Anataka niandike kila siku nimefanya nini kwenye ukuta wao. Haya. Mimi ni Khor Teng Peow, fundi wa chokaa, umri miaka sabini na miwili. Nilisoma miaka miwili tu, halafu fundi Leong akanichukua. Lakini naandika. Herufi zangu kubwa, zinaonekana bila miwani.

Habari yenyewe ni hii. Wiki iliyopita lipu ya kifua cha tausi wa kushoto iliporomoka, kipande kikubwa kama sinia, ikaangukia barazani na kuvunja taa mbili zilizotundikwa za kuuza. Hakuna aliyeumia. Kean Wah akaja na mtu wa alumini. Wanataka kuufunika uso wote wa jengo kwa mabati yanayong'aa, kuanzia juu ya baraza mpaka ukingo wa paa. Tausi wawili, maua ya juu ya madirisha, taji za nguzo, samaki wangu, na ule mwaka 1931 ulioandikwa juu kabisa, vyote viende kuishi gizani.

Mama akasema, ngoja. Wamekubaliana nipewe muda mpaka sikukuu ya vitonge vya unga wa mchele, tarehe ishirini na mbili Desemba, siku ambayo Kean Wah lazima aje kula kwa mama yake. Akikuta ukuta wa chumba cha juu umekauka na hakuna kilichoanguka tena, alumini haiji. Akikuta umelowa, mtu wa alumini anaanza kesho yake.

Nimewaambia nitamaliza kabla ya Novemba.

22 Septemba

Mvua.

23 Septemba

Mvua. Nimenoa miiko ya kupigia lipu. Haikuhitaji kunolewa.

24 Septemba

Leo nimepanda ngazi. Watu walisimama barabarani kunitazama nikipanda, nikapanda taratibu ili waone vizuri.

Nimegonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, kama daktari anavyogonga kifua. Palipo pazima panajibu kwa sauti nzito. Palipoachana na tofali panajibu kama tikiti lililooza. Tausi wa kulia mzima. Maua mazima. Nguzo nzima, ukiondoa kona moja iliyogongwa na lori la mchele, na kosa hilo si la nguzo. Tausi wa kushoto anaumwa kuanzia shingo mpaka mkia. Na nyuma yake, ndani, chumbani kwa Mama, kuna doa la maji kubwa kuliko mkeka wa kulalia.

Dawa naijua, ni chokaa. Ninayo mtungini, imelowa chini ya nyumba yangu miaka kumi na moja, laini kama siagi. Hakuna mwingine Taiping mwenye chokaa ya umri huo. Na ugonjwa naujua pia. Mahali fulani kuna mtu ametia saruji. Chokaa hupumua, maji yanaingia na yanatoka. Saruji inaziba, maji yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea. Siku hizi wote wanatia saruji. Mimi kwenye jengo hili sijawahi. Naandika tena ili Kean Wah asome vizuri: sijawahi.

27 Septemba

Nieleze mambo ya samaki, maana Kean Wah alikulia hapa lakini hakuwahi kutazama juu.

Maji yote ya paa yanakusanyika kwenye mfereji wa bati nyuma ya ukingo. Kutoka hapo yanapita kwenye koo, bomba la udongo lililopitishwa ndani ya ukuta, yanatokea kinywani mwa samaki. Samaki ni mlizamu. Urefu wake ni mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni, mwili wa chokaa, magamba ya vipande vya bakuli la buluu. Nilimfinyanga mimi nikiwa na miaka kumi na sita. Fundi Leong alimtazama kutwa nzima akitafuta kosa, mwishowe akasema macho yamekaa vibaya. Hayajakaa vibaya.

Sisi wazee wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara tunabashiri mvua. Mji huu mvua ipo kila siku, swali ni saa ngapi. Kila mmoja anataja saa yake asubuhi, na aliyekosea zaidi ananunua kahawa. Ili kusiwe na ubishi, mvua haihesabiki kwa tone la kwanza. Inahesabika samaki wa Guan Thye akitema maji. Wenzangu wanatazama mawingu. Mimi nasikiliza saa zao, halafu naongeza nusu saa. Miaka mingi sasa sijalipa kahawa zaidi ya mara tano. Arumugam, fundi wa bati, huniita Mganga. Anadhani ananikejeli.

3 Oktoba

Nimebandua lipu yote mbovu ya tausi. Tofali chini yake limelowa kama sponji. Nimewasha majiko mawili ya mkaa chumbani kwa Mama ili likauke. Mama amehamia chumba cha nyuma na mito yake.

6 Oktoba

Natafuta vipande vya kijani kwa ajili ya manyoya. Bakuli za siku hizi rangi yake inakimbia ukiilamba. Nimemwambia Mama. Akaenda kabatini, akarudi na bakuli tatu za harusi yake, kijani cha maji ya bwawa, moja ina ufa. Nikamwambia hizi hazivunjwi. Akasema, "Tangu marehemu afe nakula peke yangu, Fundi. Bakuli moja linanitosha. Hizi bora zikae mahali nitaziona nikivuka barabara."

Nilizivunja mwenyewe kwa koleo, kipande kwa kipande. Hakuna hata kimoja kilichopotea.

7 Oktoba

Mvua.

13 Oktoba

Tausi amemalizika. Kifua kipya, manyoya mapya thelathini na nane. Watu wamesimama barazani shingo juu. Mchuuzi mmoja wa mboga aliuliza nani kafanya, nikashuka ngazi ili anione.

19 Oktoba

Siku tatu mvua haikupumzika. Asubuhi ya leo kifua cha tausi kimevimba. Saa nne kikaanguka, kazi ya siku kumi, na kipande kimoja cha bakuli la Mama kilifika mpaka mfereji wa barabarani. Nilikiokota. Nilimwona Mama dirishani. Alifunga luva.

Chokaa yangu haina kosa. Maji yanatoka juu. Na huko juu mwaka jana aliyebadilisha mfereji wa bati ni nani?

20 Oktoba

Nimemwambia Arumugam mbele ya watu wote mkahawani. Nilisema mfereji wake unavuja, kalai yake ya kuungia bati ni ya kubandikia makopo, na amenivunjia tausi. Akaweka kikombe chini polepole. Miaka arobaini tunakunywa naye meza moja, sijawahi kumwona akiweka kikombe namna hiyo.

Akasema, "Ulipanda ukauona?"

Nikasema sihitaji kupanda, naujua.

Akasema, "Basi kaa nao huo ujuzi wako," akaondoka na mwavuli wake. Hata saa yake ya mvua hakutaja.

24 Oktoba

Kean Wah amepiga simu dukani. Mama alimweleza niliyoyasema. Ameamuru Arumugam asikanyage tena paa la Guan Thye wala la nyumba yao nyingine ya Kamunting. Vizuri.

25 Oktoba

Kiti cha Arumugam kitupu. Nimeshinda kahawa.

26 Oktoba

Kitupu. Nimeshinda tena. Kahawa ilikuwa imepoa.

30 Oktoba

Fundi wa bati mwingine, kijana, kapanda kuziba mfereji. Kashuka anasema hajaona tundu. Nimemwambia macho yake hayajakomaa. Akaziba hivyo hivyo asipopajua.

31 Oktoba

Nilisema nitamaliza kabla ya Novemba. Ni mvua hii.

4 Novemba

Mvua. Ukuta wa chumbani umelowa vilevile. Mama ameniletea uji wa samaki na tangawizi pale juu kwenye jukwaa la kazi, kwa kamba na ndoo. Akaniambia kutoka dirishani kwamba amemwona Arumugam sokoni, amekonda. Nikamwambia ni uzee. Akasema, "Wewe je, unanenepa?"

8 Novemba

Leo hakukuwa na mvua mpaka alasiri. Nimepanda mpaka nyuma ya ukingo, mahali ambapo sijafika tangu magoti yaanze kunisumbua. Nilikwenda kutafuta tundu la Arumugam ili nimwonyeshe.

Nimeupapasa mfereji wote kwa vidole. Kiungo kwa kiungo. Kalai imelala vizuri kama uzi wa hariri. Nilikasirika. Nikaomba maji, Mama akayafunga kwenye kamba ndoo baada ya ndoo, mimi nikavuta. Ndoo ya kwanza nikaimwaga mferejini kwenye mdomo wa koo. Hakuna tone lililovuja kwenye bati. Lakini samaki naye hakutema. Ndoo ya pili, hakutema. Ya tatu. Mama alikuwa barazani akitazama kinywa cha samaki, kila mara ananiambia bado. Ndoo ya saba, ndiyo samaki akatema.

Nimekaa juu ya paa muda mrefu. Ndoo sita zimekwenda wapi?

9 Novemba

Siandiki leo.

10 Novemba

Naandika ya jana.

Nilitoboa ukingo nyuma ya samaki kwa patasi, taratibu, ili nilifikie koo lake. Chini ya rangi nikakuta kijivu. Saruji. Nikafurahi, nikasema nimemkamata mwizi. Nikaendelea kutoboa. Koo la udongo lilikuwa limevunjika zamani na mtu amelifunga kwa saruji, kipande kinene kama paja. Saruji imesinyaa na kuachana na tofali, katikati kuna mwanya unaoingia kiganja. Maji ya paa yote yanaingia kwanza mwanyani, yanashuka nyuma ya tausi. Mwanya ukijaa, ndipo samaki anapata ya kutema.

Nikageuza kipande nione ni kazi ya mpumbavu gani. Kwenye saruji kuna alama ya kidole gumba. Katikati ina mkato.

Mimi nina mkato kwenye gumba la kulia. Niliupata nikikata bakuli la buluu la magamba ya samaki huyuhuyu. Kazi yangu yote naitia muhuri wa gumba hilo.

Ikanirudia. Mwaka 1969, siku tatu kabla ya mwaka mpya. Mtu wa kufunga waya wa redio alimkanyaga samaki kisogoni akavunja koo. Marehemu, mumewe Mama, akaniuliza itachukua siku ngapi. Chokaa ingetaka siku kumi. Mimi nikasema alasiri moja, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Nikamaliza alasiri moja. Wakanipigia makofi barazani. Makofi ndiyo niliyoyakumbuka miaka kumi na minane, saruji nikaisahau.

Na ile nusu saa yangu ya mvua. Nilidhani ni akili. Kila kikombe nilichoshinda, ukuta wa Mama ulikuwa umekunywa kwanza.

11 Novemba

Mvua. Daftari hili atalisoma Kean Wah. Akisoma ukurasa wa jana, alumini inakuja hata ukuta ukikauka. Nani atamwachia jengo mtu aliyeliharibu mwenyewe? Ukurasa unatoka kirahisi, nimejaribu pembe yake. Wa tarehe ishirini na nne Septemba nao ingebidi utoke, pale nilipoandika sijawahi mara mbili.

Nikiung'oa, Arumugam ndiye atabaki na kosa.

12 Novemba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anapanga makarai ya enameli. Nilimwonyesha kipande cha saruji na gumba langu. Nilitegemea atashangaa.

Akasema, "Lile debe la saruji nililipandisha mimi, Fundi. Ulisema mgongo unakuuma."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote ninavyojisifu kwamba sijawahi. Akasema yeye hakujua kama saruji ina madhara, alijua tu kwamba nadanganya, na uongo wangu kwenye chai ulikuwa unamchekesha marehemu. Halafu Mama akaacha kucheka. Akasema, "Lakini Arumugam hachekeshi. Umeshaandika?"

Nikasema nimeandika.

"Basi nenda kwake. Kwenye karatasi peke yake haitoshi."

13 Novemba

Karakana ya Arumugam ipo nyuma ya soko. Alikuwa anagonga bati. Nilisimama mlangoni, akaendelea kugonga. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba mfereji wake ni mzima.

"Najua ni mzima. Niliutengeneza mimi."

"Kosa ni langu. Niliziba koo kwa saruji mwaka sitini na tisa."

Nyundo ikasimama. Akasema, "Sema tena. Sikio hili lina kelele za bati."

Nikasema tena. Akaniambia nirudie mara ya tatu, mkewe alikuwa uani hakusikia vizuri. Nikarudia, mkewe akatoka na sufuria mkononi ili asikie. Arumugam akavuta kigoda kwa mguu akanisogezea. Nikakaa. Akakichunguza kile kipande cha saruji, akakigonga kwa nyundo mara mbili.

"Lakini ni ngumu," akasema.

"Ilinichukua siku nzima kuivunja," nikasema. "Hata kosa langu halivunjiki hovyo."

"Ondoka hapa, Mganga," akasema. Lakini alikuwa anavaa viatu aje nami.

14 Novemba

Mkahawani nimesema mbele ya walewale. Sikufupisha. Mmoja akauliza kahawa za miaka kumi na minane nitazirudisha lini. Nimemwambia mvua haina marejesho.

18 Novemba

Koo jipya. Bomba la udongo kutoka kwa mfinyanzi wa Kuala Kangsar, na mdomo wa bati alioutengeneza Arumugam ulioingia kwenye bomba kama kidole kwenye pete. Kuzunguka bomba chokaa yangu tu, ile ya miaka kumi na moja, na nyuzi za mabua ya mpunga na sukari guru. Siku kumi, kama inavyotaka. Arumugam alishikilia turubai juu ya kichwa changu alasiri yote. Alilalamika alasiri yote.

23 Novemba

Majiko ya mkaa chumbani. Madirisha wazi. Doa linarudi nyuma, kila asubuhi naliwekea alama ya penseli.

29 Novemba

Koo limekauka. Nimetia gumba. Nikamshika Arumugam mkono, naye akatia lake. Alisema sasa likiharibika tutafungwa wote.

8 Desemba

Kifua cha tausi, mara ya pili. Manyoya ya bakuli za Mama thelathini na saba, maana kimoja kilivunjika, kile kilichoanguka Oktoba. Nafasi ya nyoya la thelathini na nane nimeiziba kwa kipande cha buluu kilichobaki kwenye kopo langu tangu 1931. Hatakiona mtu asiyejua pa kutazama. Mama alivuka barabara, akatazama, akanyoosha kidole palepale.

12 Desemba

Mvua.

13 Desemba

Mvua. Kifua hakijavimba.

16 Desemba

Mvua. Nimegonga. Sauti nzito.

22 Desemba

Kean Wah amefika saa tano. Amepanda moja kwa moja chumbani, akabandika ukurasa wa gazeti ukutani kwa viganja vyote viwili na kuukandamiza muda wa kunywa chai. Doa bado linaonekana, litaonekana mwaka mzima, sikumficha. Akalibandua gazeti, akalishika dirishani kwenye mwanga, akalisugua shavuni. Kavu.

Tukashuka kula. Mama alipika vitonge vyeupe na vyekundu kwenye maji ya tangawizi, akanipa kumi na mbili, Arumugam kumi na mbili. Kean Wah alikula kwa mkono mmoja, kwa mwingine anafungua daftari. Alisoma mpaka Novemba. Pale akaacha kutafuna.

Akasema, "Mjomba, hapa umeandika aliyeharibu ni wewe."

"Nimeandika."

"Ungeweza kuung'oa huu ukurasa. Nisingejua."

"Ungekuwa umemfukuza Arumugam bure."

Akamtazama Arumugam, akamwinamia kichwa, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Halafu akanigeukia. "Sasa niambie. Kwa nini nimwachie jengo mtu aliyekosea miaka kumi na minane?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema moja tu: "Kwa sababu mtu huyo sasa anajua alipokosea. Mtu wa alumini akija, ataanza na makosa mapya."

Mama alimwongezea kitonge kingine bila kuulizwa. Kean Wah akala. Akasema yupo radhi kwa ukuta mkavu, lakini tangu afike mvua haijanyesha, naye haamini ukuta ambao hajauona ukinyeshewa.

Basi tukavuka wote kwenda mkahawani kungoja. Wazee walikuwa wameshataja saa zao. Arumugam akataja saa tisa. Nikaulizwa yangu. Mdomo wangu ukasema saa tisa na nusu kabla kichwa hakijafika.

Saa tisa kasoro dakika tano tone la kwanza likadondoka kwenye bati la mkahawa. Barabara ikawa nyeusi. Kean Wah akasimama ukingoni mwa baraza, tai yake inalowa, shingo juu. Saa tisa kamili samaki akatema. Hakudondosha, alitema, ukanda mzima wa maji, ukavuka baraza ya Guan Thye na kutua katikati ya mfereji wa barabarani, palepale fundi Leong alipotaka atemee mwaka 1931. Juu yake tausi wa kushoto alikuwa analowa, kijani chote kinang'aa.

Kean Wah alirudi mezani mabega yamelowa. Akauliza kwa nini samaki ana makengeza.

Nikamwambia hana makengeza.

Akasema atampigia simu mtu wa alumini kesho asubuhi amwambie asije. Mama aligeukia barabara. Alikuwa anatazama bakuli zake zikinyeshewa.

Kahawa nimenunua mimi, vikombe saba. Arumugam alitaka chake maziwa mara mbili.

23 Desemba

Mvua saa nane na dakika kumi. Samaki alitema saa nane na robo. Nimelipa tena.